BUIBUI WENYE SUMU: TUWAFUKUZE KWA UFAGIO, SI KWA DAWA YA PAMBA

Ukiinua macho sasa hivi ukatazama pembe za nyumba yako, huenda utaona utando wa buibui. Chini ya kitanda pengine upo mwingine, na nyuma ya mtungi wa maji upo wa tatu. Buibui ni jirani yetu wa siku zote, na wengi wetu hatumjali mpaka siku mtoto anapoamka na lengelenge shingoni au kidonda mguuni. Hapo ndipo utasikia watu wakisema, "Ameumwa na buibui," au, "Amekojolewa na buibui." Hofu huingia nyumba nzima. Baba huenda stoo, huchukua dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, akaja kuinyunyiza chumbani.

Leo tutajifunza mambo manne: buibui gani wanaweza kutudhuru, madhara gani watu huwasingizia buibui, namna ya kuwafukuza nyumbani, na la kufanya mtu akiumwa. Lakini neno letu kubwa ni moja, nalo ni hili: buibui hufukuzwa kwa usafi. Sumu ya shambani ikiingizwa chumbani huweza kuwadhuru watu wa nyumba hiyo kuliko buibui wote waliomo.

BUIBUI NI KIUMBE GANI?

Watu wengi humhesabu buibui pamoja na nzi, mbu na mende. Sivyo. Mdudu kama nzi ana miguu sita, na buibui ana miguu minane. Mwili wake una sehemu mbili tu. Ndugu zake wa karibu ni nge, kupe na utitiri. Ilipofika mwaka 2022 wataalamu walikuwa wamekwisha kuorodhesha aina zaidi ya 50,000 za buibui duniani.

Karibu buibui wote wana sumu. Usishtuke. Sumu hiyo ni silaha yao ya kuwindia, kama vile mshale ulivyo kwa mwindaji. Buibui humchoma nzi au panzi kwa meno yake, humtia sumu, kisha humla. Lakini mtu si panzi. Buibui wengi wana meno mafupi yasiyoweza kupenya ngozi yetu, na wengine sumu yao ni kidogo mno. Tena buibui hamwindi mtu. Huuma anapobanwa: mtu anapovaa kiatu alimojificha, anapomlalia usiku, au anapoingiza mkono penye kuni bila kutazama.

Wako hata wenye faida. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, wataalamu walimtambua buibui mdogo arukaye ambaye hukaa kwenye kuta za nyumba na miti. Mwaka 2003 walimpa jina la Evarcha culicivora. Buibui huyu hupenda hasa kumla mbu jike aliyekwisha kushiba damu, na mbu aenezaye malaria ndiye ampendaye zaidi. Basi tukimwua kila buibui bila kuchagua, tunawaua hata wanaotusaidia. Bila shaka buibui huyo hawezi kushika nafasi ya chandarua. Lakini pia hana sababu ya kuuawa.

WALE WA KUANGALIWA

Wa kwanza ni buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa. Wataalamu humwita Latrodectus geometricus, naye anaonekana katika sehemu nyingi za Afrika. Jike ndiye wa kuangaliwa. Tumbo lake ni la mviringo kama punje ya mbaazi, na miguu yake ina mapingili meusi na meupe. Akining'inia katika utando wake huwa chali, nawe utaona chini ya tumbo alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la ngoma iliyobonyea kiunoni. Utando wake haukupangwa vizuri kama gurudumu. Ni nyuzi zilizovurugika, ngumu na zenye kunata. Hupenda chini ya viti, nyuma ya milango, ndani ya ndoo na madebe yaliyoachwa, chini ya madirisha na chooni. Dalili kubwa ya kumjua ni vifuko vyake vya mayai. Kila kifuko ni kama kijimpira cheupe chenye vijimiba pande zote. Kifuko kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya mia moja.

Akiuma, mara nyingi maumivu hubaki pale pale palipoumwa, kisha hupoa. Lakini anaye ndugu yake mweusi ambaye ni mkali zaidi. Ndugu huyo yuko Afrika ya kusini, na wa jamii yake wako Marekani. Mwezi Novemba mwaka 1933, huko Alabama, Marekani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Allan Walker Blair alimwacha buibui mweusi amwume kidole kwa makusudi, ili aandike dalili zote. Maumivu yalianza kidoleni, yakapanda mkononi, yakaingia kifuani, tumboni na miguuni. Tumbo likawa gumu kama ubao. Kupumua na kusema kukawa taabu, akapelekwa hospitali. Baada ya siku kadhaa alipona. Nasi tusimwige, bali tukumbuke dalili alizotuachia: maumivu yanayotembea mwilini, jasho jingi, misuli kukaza na tumbo kuwa gumu.

Wa pili ni buibui bapa wa kahawia wa jamii ya Loxosceles. Wengi wa jamii hiyo wana macho sita yaliyopangwa mawili mawili, tofauti na buibui wengi ambao wana manane. Huyu hujificha mchana kwenye nguo zilizotundikwa muda mrefu, nyuma ya masanduku na kwenye mapango, na hutembea usiku. Anapouma, mtu huweza asisikie. Baada ya saa kadhaa mahali pale huuma na kuvimba, na kwa watu wengine ngozi hugeuka nyeusi na kuacha kidonda kinachochelewa kupona.

Wa tatu ni wale buibui wakubwa wenye manyoya wanaoishi mashimoni. Hao hutisha kwa umbo, na wakiuma maumivu yao ni makali, lakini si wa kuua mtu. Watoto wasichokoe mashimo kwa vijiti au vidole.

SI KILA LENGELENGE NI BUIBUI

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili. Wagonjwa wengi wanaokuja zahanati wakisema wameumwa na buibui hawakumwona buibui yeyote. Tukiwachunguza tunakuta jambo jingine.

Kwanza yuko mdudu aitwaye na wengi nzi wa Nairobi. Si nzi. Ni mbawakawa mdogo, mwembamba, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, urefu wake kama sentimita moja. Huzaliana sana wakati wa mvua, na usiku hufuata mwanga wa taa. Haumi wala hachomi. Lakini ukimponda kwenye ngozi, maji ya mwili wake huunguza. Lengelenge halitokei papo hapo, hutokea baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana mtu hajui kilichomdhuru. Mara nyingi huwa ni mstari shingoni, usoni au penye mkunjo wa kiwiko. Mdudu huyu akikutua, usimponde. Mpulize aende, au mtoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Usifikiche macho.

Pili ni mkanda wa jeshi. Huo ni ugonjwa wa virusi. Malengelenge hujipanga upande mmoja wa mwili kama mkanda, na maumivu hutangulia siku chache. Wengi husema ni mkojo wa buibui. Sivyo hata kidogo, na mgonjwa anahitaji kuonwa na mganga mapema.

Tatu ni kimeta. Mtu aliyechuna au kula mnyama aliyekufa kibudu akitokewa na kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, aje zahanati siku ile ile. Akisubiri kwa kudhani ni buibui anaweza kupoteza maisha yake.

Mwisho ni majipu ya kawaida. Nayo yanatibika.

SUMU YA CHUPANI

Huku ninakofanya kazi ni kanda ya pamba, na kila nyumba ina chupa au kopo la dawa. Msimu mmoja wa mvua aliletwa mtoto wa miaka mitano mwenye malengelenge shingoni. Yalikuwa ya mdudu yule mwekundu na mweusi, wala hayakuhitaji zaidi ya kuoshwa na kupakwa dawa. Tulimtibu akarudi nyumbani. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ni buibui. Jioni ile baba alichanganya dawa ya pamba, akaimwaga chini ya kitanda na pembeni mwa mkeka wanapolala watoto. Kisha wakafunga mlango wakalala.

Usiku wa manane tuligongewa mlango. Watoto watatu walikuwa wanatokwa na udenda na jasho, macho yana machozi, wanatapika, na misuli yao inachezacheza. Mdogo kabisa alikuwa anapumua kwa shida sana. Tuliwavua nguo, tukawaosha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, tukawapa dawa tuliyokuwa nayo, na usiku ule ule wakasafirishwa kwenda hospitali ya wilaya. Walipona wote watatu, lakini yule mdogo alikaa huko siku tisa. Buibui hakuwa na kosa lolote katika habari hiyo.

Dawa za mashamba na za josho zimetengenezwa kwa ajili ya mashamba na mifugo. Chumbani hakuna upepo wala jua la kuzipunguza. Huingia mwilini kwa pumzi, kwa ngozi na kwa chakula. Mtoto hudhurika zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo, hutambaa sakafuni na hutia vidole mdomoni. Nyingine hukaa katika udongo na mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, wa kuondoa sumu kama dieldrini na kuibakiza DDT kwa kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu, chini ya uangalizi. Kama una kopo kuukuu lisilo na maandishi, usilifungue. Mweleze bwana shamba.

Tena dawa hizo hazimwezi buibui vizuri. Buibui husimama kwa ncha za miguu, kwa hiyo hagusi dawa nyingi iliyomwagwa sakafuni. Mayai yamo ndani ya kifuko cha nyuzi, dawa haiyafikii. Utawaua wachache leo, na baada ya majuma machache watoto wao watatoka.

Wengine huchoma utando kwa mwenge au kumwagia mafuta ya taa. Nyumba ya makuti au nyasi haitaki mchezo huo. Kumpoteza buibui mmoja kwa kuunguza nyumba nzima si hesabu nzuri.

NAMNA YA KUWAFUKUZA

Buibui hukaa penye vitu viwili: maficho na chakula. Ondoa hivyo viwili, naye atahama mwenyewe. Fanya hivi:

1. Fagia utando wote mara moja kwa juma. Funga ufagio kwenye mti mrefu, fikia pembe za paa, nyuma ya milango na chini ya vitanda. Fanya kazi hiyo mchana. Vaa viatu, nguo ya mikono mirefu na kitambaa kichwani.

2. Tafuta vifuko vya mayai. Visukume kwa kijiti, viponde chini ya kiatu au vichome shimoni mbali na nyumba. Usivishike kwa mkono. Ukifagia utando na kuacha vifuko umefanya nusu ya kazi. Rudia kila juma, kwa muda wa majuma sita au zaidi.

3. Ziba nyufa za kuta kwa udongo mzuri, kisha paka chokaa ukiweza. Ukuta mweupe usio na ufa humnyima maficho, na tena utamwona upesi.

4. Kuni, matofali, mabati na madebe ya zamani yasiegemezwe ukutani. Yapange mbali na nyumba, juu ya magogo. Unapochukua kuni, zigonge kwanza kwa fimbo. Usitie mkono usipopaona.

5. Nguo zisilundikwe sakafuni. Zilizokaa muda mrefu zikung'ute na kuzianika kabla ya kuvaa. Viatu vigonge na kuvipindua kila asubuhi. Desturi hii hutuokoa na nge pia.

6. Kitanda kisogezwe mbali kidogo na ukuta, shuka lisiguse sakafu. Chomeka chandarua chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua kile kile kinachozuia mbu huzuia buibui, nge na nzi wa Nairobi.

7. Punguza chakula chake. Takataka zilizo wazi huleta nzi, na nzi humleta buibui. Fukia takataka. Taa ikiwaka karibu na mlango ulio wazi huita wadudu, basi funga mlango au isogeze taa.

8. Choo kisisahauliwe. Huko Marekani, zamani za vyoo vya nje, watu wengi walioumwa na buibui mweusi waliumwa wakiwa chooni. Weka kifuniko kwenye tundu ili nzi wasipate njia. Fagia kingo za tundu, nyuma ya mlango na chini ya kiti kama kipo. Usiku nenda na taa.

9. Kuku wachie wachakure uani mchana. Hula buibui na wadudu wengi, wala hawadai malipo. Lakini usilale nao chumba kimoja.

Kazi hii huenda vizuri ikifanywa na majirani pamoja. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na mafagio wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakusubiri mtu wa kuja kuwafanyia. Nasi tukipanga siku moja ya juma kwa nyumba kumi, buibui wa jirani hatapata pa kuhamia.

MTU AKIUMWA

Usihangaike. Vifo vya kuumwa na buibui ni vichache sana. Osha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Kiungo kilichoumwa kipumzishwe. Waweza kumeza vidonge vya parasetamo kwa kipimo chake. Kama buibui ameuawa, mweke kwenye kopo uje naye tumtazame.

Usichanje kwa wembe. Usinyonye. Usifunge kamba ya kukaza. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri wala kinyesi cha ng'ombe. Kinyesi huleta pepopunda, na pepopunda huua kuliko buibui.

Njoo zahanati mara moja ukiona haya: maumivu yanatembea mwilini, jasho jingi, tumbo kuwa gumu, kutapika, kupumua kwa shida, kidonda kugeuka cheusi, mkojo kuwa mweusi, au homa. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mzee waletwe hata kama dalili ni ndogo.

Na kama mtu amepata sumu ya shambani, mtoe nje penye hewa, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Usimtapishe. Mlete upesi, na kopo la dawa lije pamoja naye ili tusome jina lake.

Ndugu msomaji, kabla hujaweka gazeti hili chini, nenda kaitazame ile chupa ya dawa ya pamba. Iko wapi? Kama iko chini ya kitanda, jikoni, au imetiwa katika chupa ya soda, ihamishe leo hii. Iweke katika sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala. Ukimaliza, chukua ufagio.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja sehemu tano za nyumba yako ambamo buibui huweza kujificha.
2. Utamtofautishaje aliyeumwa na buibui na aliyeunguzwa na nzi wa Nairobi?
3. Kwa nini dawa ya pamba haifai kunyunyizwa chumbani?
4. Katika kijiji chenu, dawa za mashamba huwekwa wapi? Mtafanya nini kuanzia juma hili?